Verni Nyekundu Juu ya Saa ya Video

Video ya dada yangu, ile mashine ya kuchezea kaseti, ilikuwa nzuri kwa kila kitu isipokuwa saa yake. Shemeji aliileta kutoka Kampala kabla vita havijafunga njia, akaiweka chini ya televisheni sebuleni kwao Mulekera, Beni. Jenereta ya jirani ilipoanza kunguruma jioni, namba za kijani zilitokea mbele ya ile mashine, kali kama tochi. Kila siku zilikuwa zimesahau saa, zinapepesa sifuri tu. Hilo halikumsumbua mtu. Kilichosumbua ni ule mwanga.

Mama yetu aliishi kwao, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Mutoto wangu," aliniambia nilipowatembelea siku za Noeli, "hiyo kitu inanichoma macho. Picha sioni, naona kijani tu."

Mimi nilikuwa fundi wa redio na televisheni kule Butembo, na mama aliamini hakuna kitu kinachonishinda. Nilitafuta kitufe cha kupunguza mwanga, hakikuwepo. Kufungua mashine nzima kwa ajili ya saa niliona ni ujinga. Nikachukua chupa ya verni ambayo dada alikuwa anapaka kucha, nyekundu, nikapaka kile kioo kidogo cha saa mara mbili. Unywele mmoja wa brashi ukanasa kwenye kona ya kushoto, nikauacha. Namba zikafifia kama makaa yanayozimika.

"Aksanti," mama akasema. "Sasa naona batu kwenye picha."

Miezi michache baadaye askari waliingia Mulekera mchana kweupe. Majina ya makundi yao yalikuwa yanabadilika kila mara, sisi tuliwaita askari tu. Walichukua televisheni, video, magodoro, sufuria, hata chungu kilichokuwa na maharage jikoni. Shemeji alipouliza kosa lake ni nini, walimpiga kitako cha bunduki sikioni, na sikio lile halikusikia tena. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti walichokitaka. Hawakumwambia ainuke. Walivuta kiti, naye akaanguka kwenye sementi akavunjika nyonga.

Niandike tena: mama mzee, kwa ajili ya kiti.

Walipanda wote Butembo kwangu, mama amelazwa nyuma ya lori juu ya magunia. Hakutembea tena.

Nilikuwa kwenye atelie yangu ya kutengenezea redio asubuhi moja, miezi imepita, ofisa mmoja wa askari akaingia na walinzi wawili. Mlinzi mmoja alibeba video kifuani.

"Fundi, tala," ofisa alisema, akinionyesha kwa kidole nitazame. "Saa yake hapana onekana muzuri. Iko giza-giza. Tengeneza."

Mlinzi akaiweka mezani. Nikaona verni. Nikaona unywele wa brashi kwenye kona ya kushoto.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Nilimtazama yule mtu, kijana kuliko mimi, viatu vimepigwa rangi vizuri, nikawaza bisibisi ndefu iliyokuwa karibu na mkono wangu. Walinzi walikuwa na bunduki. Nikasema, "Afande, iache. Mukuye kuichukua kesho."

Nilipomweleza dada, hakulia. Alifungua kitabu chake cha nyimbo za kanisa, kimoja kati ya vitu vichache alivyotoka navyo Beni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa facture, risiti ya duka la Kampala ambako video ilinunuliwa, yenye jina la mumewe, aina ya mashine na namba yake.

"Kesho nitakuwa pale," alisema.

"Yaya, dada yangu, hapana. Hawa batu banaua."

"Basi baniue na facture mukononi."

Kesho yake alivaa kikwembe, kitenge chake cha misa, akakaa kwenye benchi la atelie tangu asubuhi. Ofisa alipoingia, dada alisimama. Alisalimia kwanza, kwa adabu, kama tulivyofundishwa.

"Afande, hii video ni ya kwangu. Ilitoka kwangu Mulekera."

Ofisa akacheka. "Mama, video ziko mingi. Uko na facture?"

Dada akampa. Yule mtu aliisoma polepole, akageuza mashine, akalinganisha namba ya nyuma na ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa sawa. Nilimwona akiona kwamba ni sawa. Kwa dakika moja, Mungu anisamehe, niliamini kwamba karatasi ina nguvu.

Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Aksanti, mama. Sasa ni mimi niko na facture."

Walinzi wakacheka. Dada akanyoosha mkono kwenye ule mfuko, na mlinzi akamsukuma hadi akakaa. Ofisa akanigeukia mimi, bila hasira yoyote, mtu aliyeshiba.

"Na saa, umetengeneza?"

Nilichukua kitambaa, nikamimina asetoni, nikasugua verni mbele ya dada yangu. Ilitoka nyekundu kwenye kitambaa. Nilichomeka waya kwenye jenereta na namba zikawaka, kijani kikali, jinsi Mama alivyokuwa akizichukia.

"Ah, voilà!" alisema ofisa. "Wewe ni fundi kweli."

Wakaondoka. Dada alinitazama.

"Hata ungesema imekufa," akasema. "Ungesema tu imekufa."

Alisema kweli. Ningeweza kukata waya mmoja usiku ule mashine ilipokuwa mezani kwangu, na hakuna ambaye angejua. Sikufikiria. Nilikuwa nimefikiria bisibisi na shingo ya mtu, mambo makubwa nisiyoyaweza, nikaacha lile dogo nililoliweza. Dada hakuongea nami wiki tatu. Alipika, akaweka sahani yangu mezani, akaondoka.

Ofisa alifurahi kiasi cha kuwaleta wenzake. Walikuja na redio, mashine za kaseti, televisheni zenye vitambaa vya kufuma bado vimefungwa juu yake, vilivyofumwa na mwanamke fulani mahali fulani. Siku ya televisheni ya pili nilifunga atelie, nikasema naugua kifua, tukahamia Vuhovi kwenye shamba la marehemu baba. Nililima maharage na mihogo hadi askari wale walipoondoka. Mama alifia huko, amelala ubavu mmoja, kwa sababu ubavu wa pili ulimuuma mpaka mwisho.

Dada amerudi Beni. Jumapili moja, si zamani, nilipomtembelea, mhubiri alisema lazima tusamehe ya vita ili nchi ipone. Tulipotoka nje ya kanisa nilimuuliza dada kama yeye amesamehe.

"Nani ameniomba musamaha?" alijibu, sauti juu, watu wakageuka. "Nionyeshe ule mutu mumoja. Akuye, apige magoti, aseme alifanya nini. Kisha tutaongea."

Nikashika mkono wake tukashuka barabarani kutafuta pikipiki.