Nyumba Bora ya Kenge

Nimejenga nyumba moja tu maishani mwangu, na aliyehamia humo alikuwa kenge.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Tabora. Nilikuwa na shahada ya elimu ya wanyama na suruali mbili. Wakati wa likizo walimu vijana tulitumwa upande wa Igalula kupima viwanja vya kijiji kipya cha ujamaa, na mimi, kwa kuwa ndiye msomi, nilikabidhiwa kamba. Watu waliokuwa wakibomoa ghala la zamani wakamkuta kenge huyo chini ya sakafu: mrefu kuliko mguu wangu, na uso wa mzee aliyeamshwa bila sababu. Mapanga yalikwisha inuliwa. Sijui kilichonipata, nikasema huyo ni wangu. Walinipa bila ubishi, ndani ya gunia.

Katika behewa la daraja la tatu, mama aliyeketi karibu nami aliliangalia gunia kwa muda.

"Mwalimu, mzigo wako unahema."

"Ni kuku, mama."

"Kuku gani huyo," akasema, akahamia benchi jingine.

Nilikuwa nimepanga chumba chenye ua mtaa wa Chemchem. Balozi wetu wa nyumba kumi alifika kabla sijafungua gunia.

"Huko chuo kikuu ulisomea kenge?"

"Nilisomea wanyama kwa jumla."

"Wanyama wote hao, ukachagua huyu." Akatazama ukuta wa ua, akatazama gunia. "Akitoka nje tu, tunammaliza. Hatutaita kikao."

Kwa hiyo kazi ilikuwa wazi: nyumba asimoweza kutoka, ambamo aendelee kuishi. Niliichora kwenye karatasi ya miraba, hatua nne kwa tatu. Nilimbembeleza mwashi mmoja hadi akanipa saruji iliyombakia, nikasakafia chini asipate pa kuchimba. Wavu niliupata Mtendeni, kwa Mhindi aliyeniuliza kwa heshima kuku wangu wana ukubwa gani. Nusu ya paa ilikuwa bati kwa ajili ya kivuli, nusu wavu kwa ajili ya jua. Niliweka karai la maji pembeni. Siku zile tulihimizwa kila mahali kujenga nyumba bora, na yangu ilikuwa na mwanga, hewa, usafi na pembe zilizonyooka. Juu ya yote, ilikuwa mkabala na dirisha langu. Nilikusudia kumtazama mchana kutwa na kuandika. Daftari nililinunua kabla ya wavu.

Kenge hakula. Alitembea. Alifuata ukuta hadi pembeni, akakwaruza, akageuka, akafuata ukuta mwingine. Nilimpa mayai, konokono, mende, hata panya, akawapita kama abiria anayechelewa treni. Pua ikachubuka kwa kusukuma wavu. Nilihamisha karai, nikalirudisha. Nilipanua sehemu ya jua, nikaipunguza. Nikaanza kusahihisha madaftari ya wanafunzi nimesimama, maana kila nilipokaa nilisikia kucha zake kwenye saruji, nami nikainuka. Wiki ya pili shina la mkia lilikuwa limesinyaa, na mifupa ya nyonga ilionekana hata kutoka kitandani. Alikuwa anakufa mbele ya macho yangu, nami nilikuwa naandika.

Ndipo mama yangu akaja kutoka kijijini na mzinga wa nyuki kichwani. Ulikuwa mzinga wa gogo, wa marehemu baba. Mwaka huo yeye na majirani zake nao walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, kilichopimwa na mtu mwingine, nashukuru, na miti ya kutundikia mizinga sasa ilikuwa mbali. Alitaka nimhifadhie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Alikuwa tayari anaangalia wavuni. "Anazunguka hivyo tangu lini?"

"Wiki ya pili. Hajaizoea nyumba."

"Nyumba ipi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Nikaeleza habari za mwanga na hewa, nikaeleza na pembe.

"Hapo ni sebuleni," akasema. "Chumba chake kiko wapi?"

Nikazitazama tena pembe zangu.

"Hata sisi wametupanga safu kando ya barabara," akaendelea, bila uchungu. "Nikikoroga ugali, jirani wa nne anajua leo nina mboga gani. Lakini mimi nina mlango wa kufunga."

Nikaazima sururu. Nilivunja nusu ya sakafu niliyojisifia, nikachimba hadi kiunoni, nikatandaza wavu chini na kurudisha udongo na mchanga. Mama akaamua mzinga wenyewe uingie humo, uzikwe nusu, mdomo mmoja wazi. Nilipouelekeza dirishani kwangu akanizuia.

"Geuza."

"Sasa nitamwonaje?"

"Mgonjwa ni wewe au yeye?"

Nikageuza. Kenge alifika mdomoni mwa mzinga, akatoa ulimi mara mbili, akaingia. Mkia ulichukua muda kumalizika. Kwa siku mbili ua ukawa kimya, na kimya hicho kilinisumbua kuliko kucha. Nilikwenda kuchungulia, nikarudishwa. Nikaenda tena.

Siku ya tatu asubuhi mama aliweka mayai matatu mbele ya mzinga, akaniketisha kwenye kigoda, mgongo kwa kenge, nichambue maharage. Alikaa kando yangu vilevile. Tulikuwa tumemaliza nusu ungo niliposikia ganda likipasuka. Nikaanza kugeuka, mama akanikamata goti.

Balozi akaingia. "Amekufa?"

"Anakula," nikanong'ona.

Akatazama wavuni, akainama, akatazama tena. "Mbona simwoni?"

"Haonekani."

"Sasa unafuga nini?"

"Kaa, baba," mama akamwambia, akimsogezea kigoda. "Geukia huku. Bado mayai mawili."