Taa Iliyowaka Kila Niliposhuka Kilema

Mama yangu alikataa kupasuliwa jicho kwa miaka, na siku alipokubali, mtu aliyekaribia kuliharibu jambo hilo alikuwa fundi mmoja wa gereji ya Rau, hapa mjini Moshi. Hata hilo jina la fundi namkopesha tu.

Mimi nina stashahada ya ufundi wa magari, na sikupewa na mjomba. Niliipata Ulaya, nikiosha malori alfajiri na kukaa darasani mchana, katikati ya vijana walioniona mshamba mpaka siku ya matokeo. Niliporudi Moshi nikajenga nyumba ambayo watu hupunguza mwendo wakiipita. Ila vifaa vyangu vya kazi vilikuwa bado vimekwama bandarini, kwa hiyo rejeta ya gari ilipoanza kuvuja sikuwa na hata spana ya maana. Nikalipeleka gari kwa watu.

Rejeta waliibadilisha. Kisha nikalala Kilema, kijijini kwa mama huko juu mlimani, na asubuhi, nikishuka kwenye ukungu, taa ya cheki injini ikawaka. Nikalirudisha gereji. Fundi hakupima chochote. Alichomoa waya wa betri, akangoja kidogo, akaurudisha. Taa ikazimika.

"Mangi, hiyo imekwisha," akasema. Huku kwetu Uchaggani mwanamume unayetaka kumlainisha unamwita mangi, yaani chifu, kana kwamba kila mmoja wetu ana himaya yake.

Niliposhuka tena kutoka Kilema, ikawaka tena. Naye akachomoa waya tena. Ni sawa na kumziba mtoto mdomo halafu ukatangaza kwamba homa imeshuka.

"Mbona huku mjini haiwaki?" akaniuliza, kama vile kosa ni langu. "Hili gari lako linaogopa mlima."

Wenzake wakacheka. Mmoja aliyekalia tairi akadakia, "Bandika solotepu nyeusi hapo, mangi. Mimi langu sijaona taa mwaka mzima."

Huo ndio ulikuwa utaalamu wa gereji nzima.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na aliogopa kisu. Nilimbembeleza, padre akambembeleza, dada zangu wakamlilia kwenye simu. Mwishowe akasema atakwenda, lakini kwa gari langu, na nikiendesha mimi. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya mjini kwa juma moja tu. Asubuhi ya kwanza nikampakia, kavaa kitenge kipya. Kabla hatujafika lami, taa ikawaka. Macho yale yaliyoshindwa kunitambua mlangoni yakaiona.

"Hiyo ya njano ni nini?"

"Taa tu, mama."

"Taa haiwaki bure. Simama."

Alishuka, akarudi nyumbani kwa miguu katikati ya migomba, mimi nyuma yake nikibembeleza kama mtu anayefukuza mbuzi wa jirani. Mlangoni akasema gari likipona atakwenda, na lisipopona basi Mungu ameshasema. Namjua mama yangu. Juma lile lingepita, asingekubali tena maisha yake yote.

Nikaazima mashine ya kusoma kompyuta ya gari, nikaenda nayo gereji. Ikaonyesha kwamba injini haifikii joto lake. Nikaiacha ipoe kabisa, nikaiwasha, nikashika mpira wa juu wa rejeta. Maji yalikuwa yanazunguka tangu mwanzo, hakuna kinachoyazuia.

"Themostati iko wapi?"

"Ile? Tuliitoa," fundi akajibu, tena kwa fahari. "Hii nchi ya joto, mangi. Hayo ni mambo ya Ulaya."

Themostati ni kidude kidogo kinachoyashikilia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ukikitoa, mjini huenda usione tofauti. Lakini kwenye baridi ya Kilema, tena ukiteremka na injini haina kazi, maji hayapati joto, kompyuta inalalamika, taa inawaka. Yule bwana alikuwa ameipima nchi nzima kwa jasho la shingo yake. Na kwao ni Kilema hiyo hiyo, ambako watu huenda misa ya asubuhi na makoti.

Nilinunua themostati mpya, nikaazima spana, nikapanda kuifunga mwenyewe uani kwa mama. Nikiwa nimeinama kwenye boneti, fundi akatokea. Alikuwa amesikia habari za mama, na mkononi alishika jani la sale, ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Mchagga akikuletea sale kuomba msamaha, huna ruhusa ya kukataa. Na alikuwa mjanja kiasi cha kunipita mimi na kwenda moja kwa moja kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeharibu gari la mwanangu?"

"Ndiye, mama. Nimekuja na sale."

Mama akalipokea kwa mikono miwili, akanigeukia. "Imekwisha."

"Kwako imekwisha. Injini haipokei sale."

"Usimseme mtu aliyeleta sale. Mpe kiti."

Nikampa beseni, akinge maji ya rejeta. Ndiyo kazi iliyolingana naye. Akainama, akakodolea macho kidude kile. "Kumbe hiki ndicho kinachowasha taa?"

"Kukosekana kwake," nikamwambia.

Nilipomaliza, mama akatoa sharti jipya. Kesho fundi naye apande. Kama anaogopa gari alilolishika kwa mikono yake, yeye mama pia hapandi.

Basi tukashuka watatu kwenye ukungu. Sindano ya joto ikapanda taratibu, ikasimama katikati, ikatulia pale pale, kama nilivyojua itatulia. Kila kona mama aliuliza, "Imewaka?" na fundi akajibu kutoka nyuma, "Bado, mama."

"Sema hapana," nikamwambia. "Bado maana yake unaingoja."

"Hapana, mama," akasema.

Hospitali tulikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Haikupita muda nikamsikia fundi akimsimulia mzee wa pembeni, "Lile gari tumelihangaikia sana." Tumelihangaikia! Nikafungua mdomo nimweke mahali pake, na wakati huo huo muuguzi akaita jina la mama. Mama hakungoja nimshike mkono. Alisimama, akapapasa fremu ya mlango, akaingia. Nikaufunga mdomo, nikabaki kando ya yule mpumbavu, tukangoja.