Goti la Jenerali

Katika chumba cha kufulia cha ile hoteli hakukuwa na mtu asiyemwogopa mkuu wao. Walimwita Jenerali, mwanzoni kwa kificho, baadaye waziwazi, maana alipolisikia jina hilo alilipenda. Sauti yake ilipita juu ya ngurumo za mashine zote. Alikuwa mjane aliyevuka hamsini, mnene wa wastani, mwepesi wa miguu, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu.

Siku ya michezo ya wafanyakazi, watu wa kufulia walipangwa kucheza mpira wa pete na watu wa jikoni. Mchezaji wao wa ulinzi hakutokea. Jenerali akavua viatu.

"Mama, kaa tu, wasichana wapo," alisema mpiga pasi mmoja.

"Wasichana gani? Hawa wanaoogopa kuvunjika kucha?"

Akaingia. Kwa kweli alicheza. Alinyang'anya mipira, aliruka, alisukuma watu kwa nyonga mpaka mwamuzi akachoka kupuliza filimbi. Kisha mpishi mmoja wa kike, mwembamba kama ufagio, akajifanya anakwenda kushoto. Jenerali akaruka, akatua kwa mguu mmoja huku kiwiliwili kimeshageukia upande mwingine. Ndani ya goti kitu kikalia "ko!" Akaanguka chini kama furushi la shuka mbichi. Watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe zake. Naye akacheka, machozi yakimtoka, akisema ameteguka kidogo tu.

Kuteguka huko alikung'ang'ania. Goti lilivimba, akalifunga kitambaa. Uvimbe ulipopungua akarudi kazini akichechemea, na kila aliyemuuliza alijibiwa aangalie kazi yake. Jambo alilolificha ni kwamba mguu ulikuwa hauaminiki tena. Akigeuka ghafla, goti lilimtoka, kama mtu aliyekanyaga pasipo na ngazi.

Likamtoka kwenye ngazi za mapokezi, mchana, wageni wamejaa. Alikuwa amebeba mataulo. Yeye alishuka kwa makalio hadi chini, mataulo yakimfuata, gauni likapanda hadi mapajani. Meneja mwenyewe ndiye aliyeinama, akiangalia pembeni kwa heshima, akamfunika kwa taulo. Kwa Jenerali, kule kuangalia pembeni kulikuwa kubaya kuliko kuanguka.

Daktari wa mifupa alimlaza kitandani, akaukunja mguu, akashika sehemu ya chini ya goti na kuivuta mbele. Ikaja, kama droo ya kabati.

"Uliumia lini, mama?"

"Jana, kwenye ngazi."

"Hili si la jana."

Jenerali akatazama dari. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkoba wake. Ikabidi aseme habari za mpira wa pete mbele yake, na za kujificha kwake kote.

Kipimo kikaonyesha kwamba kano ya katikati ya goti, ile inayouzuia mguu usichomoke mbele, ilikuwa imekatika kabisa. Daktari akaeleza kwamba wapo watu wa umri wake wanaoishi nayo hivyohivyo kwa mazoezi peke yake. Lakini kwa mtu wa kupanda ngazi na mizigo, na goti ambalo limeshamwangusha, yeye angeshauri upasuaji. Wangechukua kano nyembamba kutoka nyuma ya paja, waipitishe ndani ya goti mahali pa ile iliyokatika. Kisha mazoezi, miezi mingi ya mazoezi. "Upasuaji ni kazi yangu," alisema. "Mazoezi ni kazi yako, na ya atakayekuwa nawe nyumbani."

Atakayekuwa naye nyumbani hakuwa mwingine ila yule mkwe. Mwanawe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Akirudi leo, keshokutwa yuko barabarani tena. Na mkwe huyo Jenerali hakuwahi kumpenda. Alikuwa msusi, mtu wa kukaa nyuma ya kichwa cha mtu kutwa nzima akisokota unywele mmoja mmoja, na nyumbani alifanya kila kitu kwa mwendo huohuo. Jenerali alimpachika jina la Bi Taratibu. Jina hilo alilitumia akizungumza na mdogo wake kwenye simu, nalo liliwachekesha wote wawili.

Aliporudi kutoka hospitali na magongo yake na mguu umefungwa bresi, kifaa cha kulishikilia goti, aliapa kwamba hataogeshwa na mtu. Akajikaza kisabuni. Siku ya kwanza alijifuta kwa kitambaa, na mkojo karibu umshinde akitafuta magongo. Siku ya pili ulimshinda. Mkwe aliingia, akaona, hakusema kitu. Alileta beseni, akaweka kiti cha plastiki bafuni, akaufunika mguu mbovu kwa mfuko wa nailoni ili jeraha lisilowe, akamwogesha mgongo, kwapa, na kwingine kote. Jenerali alifumba macho muda wote. Hakusema asante. Kadiri alivyochelewa kulisema neno hilo ndivyo lilivyozidi kuwa zito.

Mtu akizidiwa na aibu hutafuta pa kuitupia. Jioni ile akachukua simu akamrekodia mdogo wake ujumbe wa sauti. "Wee, nimepatikana! Bi Taratibu ananiogesha kama anaosha sufuria iliyoungua. Mkono mzito, mdomo umefungwa, sijui ananuna au amelala. Mwanangu angeoa hata mwanamgambo tungepata mtu wa kuchangamka." Akaongeza mengine yasiyosemeka. Akacheka peke yake, akatuma.

Hakutuma kwa mdogo wake. Alituma kwenye grupu la familia.

Alijua pale aliposikia sauti yake mwenyewe ikitokea jikoni. "Wee, nimepatikana!" Akaisikiliza sauti ile yote, neno baada ya neno, mpaka kicheko cha mwisho. Kisha ikaanza tena mwanzo.

Alifuta ujumbe, lakini kufuta kungesaidia nini? Mdogo wake alikuwa ameshampigia: "Dada, umetuma wapi? Toa haraka!" Mwanawe, huko barabarani, aliandika neno moja tu: "Mama." Jenerali alitamani ardhi ipasuke, na kwa goti lile hata kuikimbilia asingeweza.

Asubuhi mkwe alikuja na beseni kama kawaida. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kama jana. Alimwogesha, akamvalisha, akamlaza, kisha akakunja taulo akaliweka chini ya kisigino, kama alivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Goti lilitakiwa linyooke kabisa, nalo lilikuwa halitaki.

"Kaza paja, mama. Bonyeza goti chini."

"Mwanangu, jana..."

"Nilisikia. Nikasikiliza mara mbili, nisije nikasema nimesikia vibaya." Sauti haikupanda. "Nimeumia, mama. Usiniombe nisiumie. Lakini goti hili halijui ugomvi wetu. Likikomaa likiwa limepinda, litabaki limepinda. Bonyeza."

Jenerali akabonyeza. Maumivu yalimtoa jasho, na aliyashukuru, kwa sababu yalimpa sababu ya kulia.

Yaliyomwangusha zaidi aliyasikia kwa mwanawe. Aliporudi safari alikaa ukingoni mwa kitanda, akimtazama mguu, si uso. Akamwambia kwamba yeye na mkewe walikuwa wameshapata nyumba yao ya kupanga kabla ya upasuaji. Mkewe ndiye aliyesema wasubiri mama atembee kwanza.

"Yeye ndiye aliyesema?"

"Mimi nilitaka tumtafute mtu wa kukuangalia."

Usiku huo hakulala vizuri. Kulipokucha akamwita mkwe, akamwomba aketi, na akaomba radhi akimtazama machoni, bila mzaha, bila "lakini". Akataka kuomba radhi hata kwenye grupu, kwa sauti ileile iliyomtukana. Mkwe akatikisa kichwa.

"Hapana. Watu watasikiliza tena, wacheke tena. Yaishe hapahapa."

"Umenisamehe?"

Mkwe alifikiri, taratibu, kama alivyofanya kila kitu. "Bado. Nipe muda. Haya, leo tunakunja."

Wakakunja. Wiki zikaenda. Goti likakubali kunyooka, kisha kukunjika, kisha kubeba mwili bila magongo. Mtaalamu wa mazoezi alimsimamisha mguu mmoja mbele ya kioo, mkwe akiwa nyuma, mikono wazi bila kumgusa. Siku Jenerali alipoyumba akashika hewa kama mwehu, mkwe alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoroka. Jenerali hakuthubutu kucheka naye, akaangalia chini.

Alirudi kazini kwa zamu nyepesi, kukagua shuka akiwa amekaa. Sauti yake bado ilipita juu ya mashine, ila wasichana waliona kwamba sasa akitaka kumpachika mtu jina, hunyamaza katikati.

Wale wawili walihama kwenda kwao, ghorofa ya tatu, pasipo na lifti. Jumapili moja Jenerali alikwenda kuwaona. Alipanda akishika reli, mguu mzuri kwanza, akipumzika kila penye kona. Mlango ulikuwa wazi nusu, mkwe akimsuka mteja sebuleni.

"Hodi."

"Karibu, mama." Mkwe hakuinuka, vidole vilikuwa vimeshika nywele. "Kiti kile pale. Nikimaliza huyu nitakuandalia chai."

Jenerali akaketi. Alisubiri muda mrefu sana, na hakusema neno.