Nilivyomponya Mkwe Wangu kwa Kalamu

Wapo watu hapa mjini Bagamoyo ambao mpaka leo wakiniona na jembe begani huniuliza kama nakwenda hospitali, na mimi hucheka nao, kwa sababu ukinuna ndiyo wanapata la kusema mwaka mzima. Waacheni wacheke. Aibu ya siku ile niliitafuta mwenyewe, kwa mkono wangu huu wa kulia, na leo nitawasimulieni yote bila kuficha (hata yale ambayo mke wangu huniomba niyaruke).

Ilikuwa miaka ile ya mwishomwisho ya Waingereza, mimi nikiwa dresa hospitalini, kijana bado, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kazi yangu ni kuosha vidonda na kufunga bendeji. Daktari wetu alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni, na bwana huyo alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni. Walikuwapo watu wa pwani yetu hii waliopelekwa Dar es Salaam kupasuliwa kichwa au uti wa mgongo: wakwezi walioanguka minazini, mmoja aliyegongwa na lori kule Msata, wengine wameota uvimbe ndani ya mgongo ukawabana mishipa ya fahamu mpaka miguu ikafa ganzi. Walipasuliwa, wakashonwa, wakarudishwa makwao, basi, hakuna aliyejua kilichofuata. Sasa daktari akawa anauliza: wanaishi vipi hawa? Nani anatembea, nani amelala kitandani, nani ugonjwa umemrudia? Bingwa aliyewapasua naye alikuwa anayataka majibu hayo, ajue kazi yake inawafaa watu au inawaongezea taabu tu.

"Tena kuna jambo kubwa zaidi," daktari akaniambia, akinitazama usoni. "Mtu wa mgongo akianza kufa ganzi tena, lazima apasuliwe mapema. Tukichelewa, hatatembea."

Nikasema nimeelewa, bwana. Na kweli nilielewa, siwezi kusingizia ujinga.

Nikapewa baiskeli, orodha ya majina, na karatasi za maswali, kila mgonjwa na karatasi yake. Mgonjwa atembee hatua ishirini, wewe utazame. Asimame miguu pamoja, afumbe macho, uone kama anayumba. Achomwe nyayo kwa pini, taratibu, uone kama anasikia. Na swali la saba, ambalo hata kulisoma kimoyomoyo nililisoma haraka haraka: je, mgonjwa anaweza kujizuia haja ndogo?

Nilianza na watu wa njia ya Mapinga, kazi ikaenda vizuri. Kule alikuwako mkwezi mmoja, Mbwana, ambaye fuvu lake lilikuwa limebonyea upande mmoja kama sufuria iliyoanguka, lakini ulimi wake haukuguswa na ajali wala na kisu. Nilipomchoma pini aliniporomoshea matusi mpaka ya ukoo, nikaandika: anasikia vizuri, anasema vizuri. Nikajiona daktari mdogo.

Kisha nikafika kwenye jina la Kaole. Bi Zainabu binti Shomari, uvimbe wa uti wa mgongo, amepasuliwa mwaka juzi. Bi Zainabu ndiye aliyemzaa mke wangu.

Nyinyi wa leo mnakaa na wakwe zenu mkeka mmoja, mnapokezana bakuli la mchuzi, kwa hiyo hamtajua. Sisi mama mkwe ukimwona mbele yako njiani unashuka kwenye baiskeli na kuingia majanini mpaka apite. Tangu nioe nilikuwa sijapata kuziona nyayo za mama yule. Nikienda kumjulia hali nilikaa barazani, yeye ndani nyuma ya pazia, tukaulizana habari za huku na za kule mpaka zikaisha, nikaaga. Sasa mtu kama huyo nimwambie inua kanga nikuchome pini? Nimwulize swali la saba?

Ilitosha kumwambia daktari neno moja, kwamba huyu ni mkwe wangu, tafadhali mtume Nesi Rehema wa hapa hospitalini, mwanamke mwenzake. Neno moja tu. Lakini nilishajiona daktari mdogo, nikaona nikisema hivyo nitaonekana mshamba mwenye mambo ya kizamani, kazi itachukuliwa na mwingine, na baiskeli pia. Nikajiambia nitafanya kwa njia yangu.

Nikafika Kaole saa nne asubuhi, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, nikapiga hodi, nikakaa barazani na karatasi yangu gotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Habari za afya?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

"Na mgongo?"

"Alhamdulillahi."

"Na miguu, mama, haijambo?"

Nyuma ya pazia nikasikia akijivuta mkekani. "Tunamshukuru Mungu, baba."

Basi mimi nikaandika. Anatembea hatua ishirini: ndiyo. Anasimama macho yamefumbwa: ndiyo, hayumbi. Anasikia pini: ndiyo, miguu yote miwili. Swali la saba nikaandika ndiyo kwa herufi ndogo ndogo, ili nisionekane nimeandika. Nani kwetu akiulizwa habari zake na mkwewe atajibu ni mbaya? Hata anayekata roho atasema nzuri. Nami mtoto wa pwani, nililijua hilo kuliko daktari, kuliko bingwa, na bado nikaandika.

"Mama," nikasema nikifunga kalamu, "karatasi ya hospitali inaonyesha umepona kabisa."

"Imeonyesha hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, mwanangu. Ahsante," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, nikadhani ni haya.

Lile lingekuwa limeisha hapo, ila kumbe nilikuwa nimemponya kupita kiasi. Daktari alipozipanga karatasi zake akaona kwamba kati ya watu wote wa mgongo hakuna aliyepata nafuu kama huyu bibi wa Kaole. Akafurahi mpaka masikio yakawa mekundu. Akaniuliza, "Ulimchoma pini wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo, bwana, na bibi akashtuka kidogo. (Angalieni, hapo hata sikulazimishwa kuongeza kushtuka.) Akauliza anafanya kazi gani. Nikasema analima. Akauliza kwa jembe? Nikasema kwa jembe, bwana, mihogo. Ni kweli alilima, kabla ya kuugua.

Jembe ndilo lililoniangamiza. Daktari akamwandikia bingwa barua, na bingwa akajibu atakuja Bagamoyo mwenyewe na kamera yake, ampige picha bibi yule ameshika jembe, akawaonyeshe wenzake. Nikasema bibi amesafiri, yuko arusini Msata. Daktari akasema hakuna neno, bingwa atasogeza siku. Nikasema arusi zetu ni ndefu. Daktari akacheka, akasema hata kwao zipo ndefu, na siku ikifika gari la hospitali litamfuata mlangoni. "Wewe lete jembe tu," akaniambia.

Mke wangu nilimwambia nusu ya mambo, kwamba mama anatakiwa kuonekana na bingwa. Akanitazama, akasema, "Afadhali." Nilipaswa kumwuliza afadhali nini. Sikumwuliza, kwa kuwa niliogopa jibu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kliniki, mabenchi ya uani yamejaa watu wenye vikohozi na vidonda, na wale wa orodha yetu nao wameitwa, Mbwana wa Mapinga amekaa mbele kabisa. Mimi nimesimama na jembe jipya, kofia nyeupe, natabasamu na midomo imekauka. Gari likaingia. Mke wangu akashuka, akamshika mama yake kwapani, na wakaja hatua chache mpaka kwenye kiti, pole pole, mama amejitanda kanga mpaka puani. Nikajiambia ni gari tu lililomchosha, barabara ya Kaole mchanga mtupu.

Bingwa alikuwa mtu mfupi mwenye upara, mchangamfu. Akamwomba daktari amsomee karatasi. Na daktari, kwa heshima yake yote, akaona si vizuri kusema mambo ya mtu kwa lugha asiyoijua, akasoma kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho. Hatua ishirini, ndiyo. Pini, ndiyo, ameshtuka kidogo. Nikaanza kuhesabu: la nne, la tano, la sita.

"Je, mgonjwa anaweza kujizuia haja ndogo?" akasoma daktari. "Ndiyo. Amepimwa na dresa huyu hapa."

Hata vikohozi vilinyamaza. Watu wengi pale walijua binti yake ni nani na mumewe ni nani. Mbwana akageuza kile kichwa chake kilichobonyea, akaniangalia toka kofia mpaka viatu, akasema taratibu, "Alaa. Dresa umempima mkweo hilo?"

Benchi lote likaangua kicheko. Mimi nikatazama jembe. Mama mkwe akashusha kanga ikafunika uso wote.

Daktari hakuelewa wanachocheka, akaendelea. "Bibi, tafadhali simama, miguu pamoja, fumba macho." Naye akasimama. Mpaka leo sijui alisimamaje, nadhani alisimama ili asiniumbue. Akaweka miguu pamoja, akafumba macho, na papo hapo akayumba kulia, akayumba kushoto, magoti yakalegea, akaja mbele. Nikatupa jembe nikamdaka. Jembe likaangukia kiatu cha bingwa, mimi na mama mkwe tukaenda chini mchangani, yeye kifuani kwangu, kanga imemtoka kichwani, mvi zake zote nje, mbele za watu ambao asubuhi ile walikuja kutafuta dawa ya kikohozi. Na kanga ya kiunoni ilikuwa imelowa. Kila aliyekuwapo aliliona jibu la swali la saba.

Hakuna aliyecheka tena. Mke wangu alivua kanga yake ya kichwani akamfunika mama yake, akabaki kichwa wazi mwenyewe. Mbwana alisimama, akageuka, akawaambia wanaume wenzake nao wageuke, wakageuka.

Bingwa alikuja akichechemea, akachuchumaa, akatoa pini, akamchoma nyayo, na mama hakusogea. Akamchoma juu ya kifundo. Akamchoma goti. Daktari akauliza kwa upole, "Bibi, hali hii tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo," akasema.

"Kwa nini hukusema? Miezi mingi, bibi."

Mama akavuta kanga, akasema, "Mkwe wangu aliniambia karatasi ya hospitali inaonyesha nimepona. Nikasema basi, labda kupona ndiko huku."

Nilikuwa bado nimekaa mchangani. Nawaambieni, kucheka kwa benchi kulikuwa kitu kidogo. Niliona haya kule nyuma, lakini hapa niliumia.

Daktari akauliza, "Mkwe wako ni nani?" Mama hakutaka kunitaja, ila macho ya uani kote yakanigeukia, daktari akaelewa. Hakunigombeza mbele za watu. Alisema tu, "Kwa nini hukuniambia? Nesi Rehema angekwenda."

Siwezi kusema ilikuwa heshima, kwa maana heshima ingekuwa ni kwenda kusema. Nilitaka baiskeli na kuitwa daktari mdogo.

Bi Zainabu aliondoka siku ile ile kwa gari la bingwa, akapasuliwa tena Dar es Salaam, uvimbe ulikuwa umerudi. Alikaa huko miezi. Mimi nilirudishwa kwenye vidonda, na karatasi yangu ya Kaole daktari aliichana, akaniomba niandike nyingine, ya kweli, kwa jina langu: kwamba mgonjwa huyu hakupimwa. Niliiandika. Bingwa alipoleta habari alisema haja ndogo imerudi, mguu wa kulia umerudi, wa kushoto umechelewa. Angefika kabla ya mfungo, alisema, labda yote miwili ingerudi.

Toka siku hiyo nilijiwekea sharti, na nimestaafu nalo: sikupata tena kuandika kwenye karatasi ya mgonjwa jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu, na kila aliponijia mtu ambaye siwezi kumpima, niwe naogopa kuonekana mshamba nisiwe naogopa, nilisema huyu simwezi, mwiteni mwingine.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baadaye, akitembea kwa fimbo, mguu wa kushoto ukiburuza mchanga. Hakuwahi kunilaumu kwa neno hata moja. Kinyume chake, akija kwetu wanawake wakikusanyika, nilimsikia toka barazani akiwaambia, "Mimi Mungu kanipa mkwe mwenye adabu. Hajapata kunivunjia heshima hata siku moja." Kisha ataniita nyuma ya pazia, "Si kweli, mwanangu?" nami nitaitikia, "Ahsante, mama," na kuinamisha kichwa, naye alidhani hiyo nayo ni adabu.