Game master alimpa villain wa mwisho sauti ya baba yangu

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa "habari zenu" pia nawasalimu. Hii nitakayowaambia sijaipaka rangi. Nimekaa nayo tangu ujana na leo nimechemka.

Kilichonichemsha ni ushauri nilioona humu, kijana akiuliza atengeneze vipi pambano la mwisho la villain, yule adui mkuu, kwenye tabletop RPG, mchezo wa mezani ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake. Akajibiwa: "Tafuta kitu kinachowauma players wako, mpe villain. Watalia." Mkamwaga likes.

Basi kaeni chini.

Nilikuwa Form Three, miaka ya themanini inaanza, tuko likizo nyumbani Isiolo. Binamu yangu Jamal, mtoto wa shangazi, alikuwa anasoma ng'ambo. Akaja na boksi la game: dice za pembe nyingi, kitabu cha sheria, penseli. Hapo town sijui kama kuna mtu mwingine alikuwa ameona kitu kama hicho.

Jamal ndiye alikuwa game master, yule anayesimulia hadithi na kuwaigiza maadui. Wachezaji tulikuwa mimi, jirani yetu Ekai, na Mwenda ambaye mamake aliuza nguo sokoni. Tulichezea stoo ya nyuma kwetu, tumekalia magunia ya sukari, alasiri jua likiwa kali hata mbuzi wamejificha.

Nitasema ukweli: Jamal alikuwa fundi.

Villain wake aliitwa Mvushaji. Anapakia watu kwa chombo chake kuwavusha mto, akifika katikati anawaacha wazame. Likizo karibu yote hatukumwona. Tunafika kijiji, tunakuta viatu kwa ukingo. Viatu tu. Mwenda akaanza kuogopa kwenda choo peke yake.

Sasa wekeni hiyo kando kidogo.

Mzee wangu alikuwa na lori, Isiolo kwenda Merti. Akienda anabeba bidhaa, akirudi anabeba mbuzi na watu. Mwaka uliotangulia lori lilipinduka kwenye laga, ule mto mkavu unaojaa ghafla mvua ikinyesha huko juu. Watu walikufa, mmoja mama mjamzito.

Mzee akabaki anavuta mguu wa kushoto. Town ikasema alikuwa amelewa, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mzee akilewa. Yeye hakusema kitu. Sisi nyumbani tulisema breki zilikatika. Nilipigana sana shuleni kwa sababu ya hizo breki.

Tukafika siku ya pambano la mwisho.

Jamal alilipanga hivi: maji yanapanda kila raundi na chombo kimejaa watu. Ukimshambulia Mvushaji, hujaokoa mtu. Ukiokoa mtu, Mvushaji yuko nyuma yako. Hiyo ndiyo design, wakuu, si kumrundikia villain HP, zile pointi za uhai, kama gunia.

Halafu akasimama atuonyeshe Mvushaji anavyokuja.

Akavuta mguu wa kushoto. Akapiga ukuta na kiganja kama anapiga ubavu wa lori. Akaita, "Haya pandeni, mama pandeni, tunafika saa hii!"

Ilikuwa sauti ya mzee. Yenyewe kabisa, mpaka ule mkwaruzo.

Ekai alicheka kabla hajaelewa. Alipoelewa akaziba mdomo kwa kiganja. Mwenda akaangalia chini.

"Zamu yako," Jamal akaniambia. "Rusha."

"Huyo ni nani?"

"Ni villain. Si inauma? Ndiyo maana yake. Ukimuua leo, utapata nafuu. Nimekutengenezea wewe."

AMENITENGENEZEA MIMI. Kama dawa ya minyoo!

Nilitaka kumng'oa meno. Nilizibana dice mkononi. Lakini sikurusha. Nikasema, "Character yangu anamuuliza swali. Breki zilikatika?"

Jamal akababaika. "Hajibu. Ni villain, sikumwekea jibu. Rusha bwana, maji yanapanda."

"Anamuuliza tena."

"Zilikuwa nzima."

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee alikuwa amekuja kuchukua sukari. Sijui alisimama hapo tangu saa ngapi.

"Breki zilikuwa nzima," akasema. "Nilisinzia. Nilikuwa sijalala tangu jana yake, nikasinzia."

Jamal akaruka juu. "Abti, ni mchezo tu." Abti ni mjomba kwa Kisomali.

Mzee akamwangalia. "Umekula kwangu likizo ngapi? Kama ulitaka kujua, ungeniuliza." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe pia."

Akajitwika gunia, akaenda.

Nilimrukia Jamal. Ekai na Mwenda ndio walinitoa juu yake.

Wiki hiyo mzee alipanda lori la mtu mwingine akaenda Merti, akawaambia wafiwa kwa mdomo wake. Wengine walimsamehe. Wengine hawakumsamehe mpaka amezikwa.

Nikisimulia hii, kuna watu huniambia, "Lakini si Jamal alisaidia ukweli utoke?" HAPANA! Ukweli aliutoa mzee. Jamal alitaka tumpige mzee mishale mpaka azame, halafu twende tunywe chai.

Na hajawahi kuniomba msamaha. Juzi kwa harusi ananishika bega, "Unakumbuka ile boss fight yetu?" Nilitoka kabla pilau haijaletwa.

Funzo langu ni hili. Machungu ya mchezaji wako si mali yako. Ukiyataka mezani, muulize kwanza, mkiwa wawili, na akikataa umeacha. Halafu huyo villain wako mpe jibu kabla ya kumpa nguvu. Akiulizwa "kwa nini?" na wewe game master huna neno, hujatengeneza adui. Umetengeneza mtu wa kupigwa mawe.

Sasa semeni. Nani hapa amewahi kukaa mezani na wenzake wakacheka jambo la kwao nyumbani, na yeye ndiye ameshika dice? Ulifanya nini? Andika, nasoma zote.