Kifua cha Kazungu

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya utafiti, Daktari wa Wanyama alinisimamisha mbele ya vizimba vya panya weupe, akanipa glovu, kitambaa cha kufunika pua, na koti la kazi lisiloruhusiwa kutoka nje ya mlango ule.

"Panya akikuuma usimlaumu," aliniambia. "Umemshika vibaya. Osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha uje uniambie, hata likiwa mchubuko tu."

Alikuwa mama wa Kibokoni, mpole, lakini neno lake halirudiwi.

Aliyenifundisha kushika wanyama ni Kazungu, mwenyeji wa Kaloleni. Alimbeba sungura kwa kumkinga miguu ya nyuma, maana akirusha teke hewani huweza kuvunjika uti wa mgongo. Sindano iliyotumika hakuirudishia kifuniko; aliitia moja kwa moja kwenye kopo gumu. Kwa kuumwa na kudungwa tulikuwa macho. Hewa hatukuiogopa.

Kisha Kazungu akaanza kupiga chafya kila tulipobadilisha maranda ya mbao yaliyotandikwa vizimbani. Macho yakawa mekundu.

"Ni vumbi la barabarani kule Makupa, yakhe," akasema.

Baadaye kifua kikawa kinapiga mluzi. Asubuhi moja alianguka, fagio mkononi, midomo imepoteza rangi. Tulimkimbiza hospitali kwa tuktuk, nimemwegemeza kifuani kwangu, namsihi avute pumzi.

Ilikuwa pumu, iliyoletwa na vumbi la manyoya na mkojo wa panya uliokauka. Kumbe mwenyewe alishuku kitambo.

"Ningesema, ningefukuzwa," aliniambia kitandani. "Na watoto wangu je?"

Hofu yake haikuwa bure. Msimamizi wa maabara alitaka aondolewe. "Mgonjwa haiwezi kazi hii," alisema.

Daktari alisimama. "Hakuja hapa na pumu, bwana. Ameipata kwetu. Tukimfukuza, nani mwingine atathubutu kusema anaumwa?"

Kazungu akahamishiwa chumba cha kuchemshia vyombo, mbali na wanyama. Sisi tukapewa barakoa za kukaza vizuri, tukaanza kulowesha maranda kabla ya kuyazoa, na vifua vyetu vikawa vinapimwa kila mwaka. Wenzetu wengine wakajitokeza, wakasema yaliyokuwa yakiwasumbua.

Sasa nimestaafu. Wanaoanza kazi hii huniuliza mnyama yupi ni hatari zaidi, wakitaraji nimtaje nyani. Huwasimulia habari za Kazungu. Kifua chake hakikupona kabisa. Akija kunitembelea ghorofani kwangu, humsikia amesimama katikati ya ngazi, anavuta dawa yake. Nami huku juu hunyamaza, nisije nikamwita akafanya haraka.