Feni ya Muoki

Kifua cha Muoki ndicho kilichoanzisha mambo yote. Mchonga vinyago hawezi kulikwepa vumbi la mti wa muhugu, na lake lilikuwa limeshamkaa mapafuni hata akicheka anakohoa. Ndipo mwaka wa tisini na nane akaenda Industrial Area, kwa wauza vyuma vikuukuu, akanunua feni kubwa iliyong'olewa katika kiwanda kilichofungwa. Akaifunga kibandani kwake nyuma ya ploti, huko Makadara, akaiunganisha na bomba refu la bati lililopita chini ya ukuta wa vyumba viwili: chake na cha jirani yake, Luul. Vumbi likapungua. Muoki akajisifu kwa kila aliyepita, na kwa kweli alistahili.

Luul alikuwa mjane aliyekimbia vita Mogadishu, muuza vitambaa, mtu wa maneno machache. Ploti nzima ilimwita Mama Abdimajid, kwa jina la mwanawe aliyeuawa katika vita hivyo. Kila alasiri alifukiza unsi, uvumba wa kwao, na majirani walikuwa wameizoea harufu yake kama walivyozoea ya maandazi. Hakuna aliyelalamika, mpaka Nthoki, mke wa Muoki na mama wa mtoto wao Mumo, alipoanza kumwona mtu.

Hakumwona sawasawa. Yuko anachambua maharagwe mchana kweupe, mara nywele zinamsisimka, kifua kinambana, na pembeni ya jicho amesimama mtu wa kijivu. Akigeuka, hayupo. Muoki alimcheka sana. Kisha siku moja akaingia kula, feni akaiacha ikiwaka imalizie vumbi, naye akamwona. Hakucheka tena, na chakula hakukimaliza.

Sasa, Wakamba hutaniwa mjini hapa kwamba ndio wenye dawa kali za uchawi, na Muoki, Mkamba mwenyewe, alikuwa amechoshwa na utani huo. Labda ndiyo maana alikuwa mwepesi kumtafuta mwenye lawama mbali na mlango wake. Akakumbuka hadithi alizokua nazo Kitui, za majini yanayonunuliwa pwani na kulishwa moshi na manukato. Moshi na manukato si hivyo hapo mlango wa pili? Akina mama wa kanisa wakaja kukemea, wakaimba mpaka sauti zikawakauka, lakini mtu wa kijivu hakuondoka. Muoki ndiye aliyekuwa mwangalizi wa ploti. Akamwambia mwenye ploti kwamba wapangaji wanaogopa, akapewa ruhusa ya kumtoa mjane.

"Mama Abdimajid, chumba kinatakiwa," alimwambia. "Watu wanasema huo moshi wako unaita vitu."

Luul alimtazama. "Na wewe, Baba Mumo, unasema nini?"

"Mimi nimetumwa tu."

Huo ulikuwa uongo, na wote wawili walijua. Luul akahamia mtaa wa Fedha kwa nduguye Hashi. Siku ya kupakia vitu Muoki alijifungia kibandani, akampiga msasa twiga aliyekwisha lainika zamani.

Mtu wa kijivu hakuhama.

Mwaka uliofuata ukaja mgao wa stima. Adhuhuri moja feni ikazimika, na Muoki akamsikia mkewe akiita kutoka ndani: "Baba Mumo, ameondoka."

"Nani?"

"Yule mtu. Hayupo tena. Hata kifua kimefunguka."

Stima iliporudi, mtu naye akarudi. Hapo Muoki akaingiwa na shaka. Akaizima feni bila kusema neno, akaiwasha, akaizima tena, na kila alipoizima Nthoki alishusha pumzi. Mezani, maji ya kwenye gilasi yalitetemeka feni ikiwaka, yakatulia ikizimwa.

Akamwendea Mwalimu Apondi, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyefundisha sayansi. Apondi alikuwa amesoma habari kama hiyo: kwamba iko sauti nzito mno, sikio haliisikii, lakini mwili unaipokea. Hubana kifua, huleta hofu isiyo na sababu, na huenda hulitikisa jicho lenyewe hata likaona kivuli. Feni kubwa inaweza kuitoa, na bomba refu kuikuza. "Siwezi kuapa," alisema, "lakini ningekuwa wewe, ningeing'oa."

Muoki akaing'oa siku hiyohiyo, na mtu wa kijivu hakuonekana tena. Aibu ndiyo iliyobaki. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, naye alikuwa amemvua jirani nguo akikitafuta. Wiki nzima alishindwa kumtazama mtu usoni. Jumapili baada ya kanisa akaenda Fedha.

Luul alimpokea kwa chai ya iliki, bila kinyongo, na hilo lilimuumiza zaidi. Muoki akaeleza yote, feni, bomba, sauti isiyosikika. "Nilikukosea, Mama Abdimajid. Hata kusema nimetumwa, nilidanganya. Nisamehe."

"Hiyo feni ulianza kuiwasha lini?"

"Mwaka jana, baada ya Pasaka."

Luul akainamisha kichwa. "Nami nilianza kumwona wakati huohuo."

"Wewe pia ulimwona?"

"Pale pembeni, kila mchana. Mrefu, wa kijivu, hasemi. Nilijua ni Abdimajid amepata njia. Sikumzika, Baba Mumo. Hata mwili sikuuona. Tangu siku nilipomwona, unsi nilimfukizia yeye, kama tunavyompokea mtu aliyerudi nyumbani." Akazungusha kikombe mkononi. "Huku hajaja. Nikasema labda hajui nilikohamia."

Muoki alikuwa amekuja kuutua mzigo wake, akamtwika mama wa watu. Na kila siku ya ujirani wao, hata siku ya kumfukuza, alikuwa akimwita kwa jina la mtoto huyo.

"Umeitupa?" Luul akauliza.

"Bado. Iko kibandani, nimeifunika gunia."

"Usiitupe," alisema Luul. "Najua sasa ni upepo na bati. Lakini usiitupe."

Kikohozi cha Muoki kimerudi kama zamani, na zaidi. Wachongaji wenzake humuuliza kwa nini feni ile haifungi wala haiuzi. Huwajibu kwamba ina mwenyewe, kisha hurudi kupiga msasa.